Kiunzi, Mfuko wa Unga na Ukumbusho: Biashara ya Picha za Ukutani mjini Lubumbashi

Wachoraji wa Katanga wameandikiwa mengi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo imeshughulika na yale yaliyochorwa: askari na kiboko chake, Lumumba na kamba mikononi, mamba muntu na nywele zake ndefu. Ni haki kufanya hivyo. Lakini picha ina uso na ina mgongo, na mgongo nao una habari zake. Katika kurasa hizi twaomba ruhusa ya msomaji tuigeuze picha na kutazama nyuma, pale penye mbao nne, misumari midogo, na kitambaa ambacho kabla ya kuwa picha kilikuwa mfuko wa unga. Kwa maana wachoraji wa Lubumbashi walikuwa wafanyabiashara kwanza. Walitengeneza kiunzi, wakawamba kitambaa, wakachora, wakanakili, wakatembeza mali yao, wakapatana bei. Na sisi twaona kwamba historia iliyoning'inizwa katika kuta za wafanyakazi wa mji huu ilikatwa kwa kipimo cha biashara hiyo.

Neno tulilotumia, kuwamba, ni neno la ngoma. Ngozi mbichi huvutwa juu ya mzinga, hupigwa vigingi, huachwa ikauke mpaka ikaze. Mwenye kuwamba picha hufanya vivyo hivyo, na asipokaza vizuri hasara yake huonekana upesi: kitambaa hulegea, rangi hupasuka, na mteja hurudi na maneno.

Tuanze hata hivyo na wakati ambapo kiunzi hakikuwako. Mwaka 1926, huko Bukama, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji aitwaye Georges Thiry alivutiwa na michoro iliyopamba kuta za nyumba, akamtafuta aliyeichora. Alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Ukuta wa udongo hausafiri, na mvua haiuhurumii. Kwa hiyo Thiry alimpa Lubaki karatasi na rangi za maji, akamwomba achore juu yake yale yale aliyoyachora ukutani. Karatasi hizo, pamoja na zile za Djilatendo wa Kasai, zilipelekwa Ubelgiji kwa Gaston-Denys Périer, zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929 na Genève mwaka 1930. Tukio hilo husimuliwa kama mwanzo wa uchoraji wa kisasa wa Kongo. Kwa upande wa biashara lilikuwa jambo jingine pia: mara hiyo picha ilibanduliwa ukutani kwa mwenyewe ili iweze kubebwa, na aliyeibeba aliishi mbali. Bukama hapakubaki kitu cha kununuliwa na jirani.

Ili jirani aweze kununua picha, ilipasa kwanza awe na ukuta wa kuitundika na fedha za kuilipia. Mambo hayo mawili yaliletwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika, na mji wa Elisabethville ukaanzishwa. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi liliyeyusha shaba yake ya kwanza. Kwa miaka mingi wafanyakazi waliajiriwa kwa muda mfupi, kisha walirudishwa makwao, na mtu wa namna hiyo hana haja ya pambo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo kampuni ilipoanza kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao katika kambi. Polepole zikajengwa nyumba za matofali zenye kuta zilizonyooka na kupakwa chokaa. Katika nyumba hizo, na katika mitaa ya Kamalondo, Katuba, Ruashi na Kenya (mtaa wetu huu wa Kenya, si ile nchi ya mashariki), kilitokea chumba ambacho babu zetu hawakukijua: chumba cha kupokelea wageni, chenye viti, meza yenye kitambaa kilichofumwa, na ukuta mtupu juu ya kiti cha mwenye nyumba. Ukuta ule ulidai kitu.

Waliofika kwanza na mafundisho ya sanaa hawakufikiria ukuta huo. Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake iliyojulikana kwa jina la Hangar mwaka 1946, na humo wakakua Bela, aliyechora kwa vidole, Pilipili Mulongoy, fundi wa samaki na ndege, na Mwenze Kibwanga, ambaye picha zake zimefumwa kwa mistari mifupi kama mkeka. Mwalimu wao alikataza kuiga Ulaya, akataka kila mmoja achimbe ndani yake mwenyewe. Matunda yalikuwa mazuri, nasi hatuyapunguzii heshima. Lakini wanunuzi walikuwa Wazungu wa mjini na wageni wa maonyesho ya ng'ambo. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, wanafunzi wake waliingia katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Nyoka na swala wa Hangar waliishia katika nyumba za wakubwa na katika makumbusho. Mfanyakazi wa tanuru hakuwa na sababu ya kutoa mshahara wake kununua msitu ambao ndugu zake walikuwa wameuacha juzi.

Biashara tunayoisimulia ilistawi baada ya uhuru, hasa tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970. Vita vya kujitenga kwa Katanga, vilivyoanza tarehe 11 Julai 1960 na kumalizika Januari 1963, vilikuwa vimekwisha. Union Minière ilifanywa mali ya taifa mwaka 1967, nayo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Bei ya shaba ilikuwa nzuri, na mshahara ulikuwa na maana. Vijana wengi wasiopita katika chuo chochote, ambao baadhi yao walianza kwa kuandika mabango ya maduka na baa, waliona kwamba watu wana kuta.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza mbao: vipande vyembamba, mara nyingi mabaki ya kazi nyingine, kwa maana mbao nzuri zilikuwa ghali na seremala alizitaka kwa vitanda na milango. Vipande vinne viliunganishwa pembeni kwa misumari. Aliye fundi kweli alikata pembe kwa mshazari ili zikutane sawasawa. Mwenye haraka aliweka ubao juu ya ubao. Kisha kitambaa. Mifuko ya unga ya siku zile ilikuwa ya pamba, si ya katani wala ya nailoni, nayo ilikuwa na thamani yake baada ya unga kwisha: akina mama waliifumua nyuzi, wakaifua, wakaishonea nguo za watoto na mashuka. Mchoraji alipaswa kushindana nao. Mfuko uliofumuliwa ulikatwa vipande, ukawambwa, ukapakwa rangi nyeupe ili matundu yazibwe na rangi nyingine isinywewe na kitambaa. Rangi zilikuwa za kawaida za kupaka nyumba, chache, zikichanganywa kwa ujuzi. Ukitaka kujua kwa nini picha nyingi za Lubumbashi ni ndogo na ndefu kwa upana, zikikaribia sentimita 40 kwa 70, usitafute falsafa ya mbali: kipande cha mfuko kina mipaka, na ukuta juu ya kiti nao una mipaka.

Tutoke njiani kidogo. Kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kina historia ndefu na Kiswahili. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo ilibeba merikani, kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, na kwa kitambaa hicho vilinunuliwa chakula, njia, pembe na watu. Njia ile ile ilileta lugha yetu hadi Maniema na Katanga. Kwa hiyo mchoraji wa mwaka 1972 alipochora msafara wa Waarabu na watumwa juu ya pamba ya mfuko, alichora juu ya ndugu wa kitambaa kilichogharimia msafara wenyewe. Hatusemi kwamba alikusudia hivyo.

Sasa tuje kwenye kunakili, kwa sababu hapa ndipo wageni hukosa kuelewa. Mtu wa Ulaya akiona picha tano za Colonie belge zinazofanana, husema hakuna sanaa, ni kurudia. Lakini tuulize: nchi nyingine zilienezaje picha moja katika nyumba elfu? Kwa mashine. Mfano mzuri ni ule wa Mami Wata wa Afrika ya Magharibi. Sura yake maarufu, mwanamke mwenye nywele nyingi na nyoka mikononi, ilitokana na tangazo lililochapishwa Hamburg katika miaka ya 1880. Mwaka 1955 kampuni moja ya kalenda huko Bombay iliichapa upya nakala 12,000 kwa ajili ya soko la Kumasi. Watu wakainunua, wakaitia fremu na kioo, wakaitundika. Kila nakala ilikuwa sawa na nyingine hadi ukucha wa mwisho.

Lubumbashi haikuwa na kiwanda cha namna hiyo kwa picha za watu wake. Mchoraji mwenyewe ndiye aliyekuwa mtambo. Alipanga viunzi kadhaa pamoja, akapiga mistari ya kwanza kwa kalamu ya risasi, kisha akapita na bluu ya mbingu katika vyote, na kahawia ya ardhi katika vyote, ndipo akarudi kwa watu na maandishi. Ni utaratibu wa kuokoa rangi na muda. Matokeo yake ni kwamba hakuna nakala iliyo sawa na dada yake. Katika moja mamba muntu wetu ana nyoka mkononi, katika nyingine nyoka hayupo. Katika moja wanawake wanaomletea mfungwa chakula ni wawili, katika nyingine ni watatu. Mteja aliyeiona picha kwa jirani aliweza kuagiza yake na kusema aongezewe hiki au apunguziwe kile. Chapa ya Bombay haikumpa mtu wa Kumasi nafasi hiyo.

Hivyo picha ilikuwa mazungumzo baina ya pande mbili, nayo iliitwa kwa majina ambayo wauzaji na wanunuzi waliyajua. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliochunguza biashara hii mjini Lubumbashi katika miaka ya 1970 na kuchapisha makala yao mwaka 1976, walionyesha kwamba aina za picha zilikuwa na hesabu: kijiji cha wahenga, mtawala wa zamani, Waarabu na watumwa, Colonie belge, simba Bulaya, kiwanda, Lumumba, vita vya kujitenga, mamba muntu, na nyingine kadhaa. Walionyesha pia neno lililoshika zote, nalo ni la Kiswahili: ukumbusho. Picha ilinunuliwa ili ikumbushe. Mgeni akiingia, akiketi, akiinua macho, ataanza kuuliza au kusimulia, na mwenye nyumba atampokea maneno. Fremu, kwa hiyo, ilizungushiwa mazungumzo ya sebuleni kuliko rangi.

Colonie belge ndiyo iliyoagizwa kuliko nyingi. Mfungwa amelazwa kifudifudi. Askari mweusi ameinua kiboko. Mzungu mwenye kofia amesimama akitazama, au ameketi na kiko chake. Nyuma kuna jengo la gereza na bendera ya Ubelgiji. Mara nyingi huandikwa miaka 1885–1959. Mtu ataka nini kuwekea kiti cha wageni picha ya kupigwa? Wako walioeleza, na Bogumil Jewsiewicki ni mmoja wao, kwamba picha hiyo ilisema ya jana na ya leo kwa mdomo mmoja. Chini ya utawala wa Mobutu ilikuwa hatari kuchora askari wa siku zile akimpiga raia. Askari wa Mbelgiji alichorwa bila woga, na kila mtu akajaza yaliyobaki. Lumumba naye, aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, alitangazwa shujaa wa taifa na Mobutu mwenyewe mwaka 1966, na kwa sababu hiyo picha yake ilikuwa na kinga. Mchoraji mwenye akili alifanya biashara katika nafasi hiyo nyembamba baina ya kinachotakiwa na kinachoruhusiwa.

Hata hivyo soko lililolinda kumbukumbu liliibana pia. Mteja hununua anachokijua. Mchoraji aliyetaka kuonyesha jambo ambalo hakuna aliyeliagiza alibaki na mbao zake na mfuko wake, na watoto nyumbani. Hapa ndipo habari ya Tshibumba Kanda Matulu inapopata uzito wake. Alizaliwa mwaka 1947, na kwa riziki yake alichora kama wenzake: Colonie belge, Lumumba, mandhari. Lakini alijiona mwanahistoria, na alisema hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Fabian, aliyekuwa akifundisha katika kampasi ya Lubumbashi, akamweleza kwamba anaweza kuchora historia yote ya nchi. Fabian alikubali kuzinunua. Kwa muda wa miezi zikatoka picha 101, tangu nyakati za wahenga hadi siku zijazo, juu ya kitambaa kile kile cha mfuko, zikiwa na maelezo ya Kifaransa ya mchoraji mwenyewe. Mazungumzo ya wawili hao juu ya kila picha yalikuwa kwa Kiswahili cha Shaba, nayo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu kilichotoka mwaka 1996, Remembering the Present.

Wengi husifu mkutano huo, nasi twausifu. Ila tuseme wazi kilichotokea kibiashara. Historia kubwa ya Zaire iliyochorwa na mtoto wa Zaire iliwezekana kwa kuwa alipatikana mteja asiye na ukuta Katuba. Mfanyakazi wa Gécamines angenunua picha moja, labda tatu. Hakuna sebule iliyoweza kubeba 101, wala mshahara. Kwa kuwa mnunuzi alikuwa mtafiti, Tshibumba aliachiliwa kutoka katika hesabu ya aina zinazouzika, akachora mashauri, migomo, mikutano na ndoto. Na kwa sababu hiyo hiyo kazi hiyo haikuonekana na wale iliyowahusu. Leo iko Amsterdam. Mwandishi André Yav, aliyeandika historia ya mji huu kwa Kiswahili mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu, aliwaandikia wenzake kwanza. Wataalamu walikuja baadaye. Kwa Tshibumba mambo yalipinduka.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila familia ya hapa. Zairianisation ilitangazwa tarehe 30 Novemba 1973, na maduka yaliyouza rangi, misumari na vitambaa yakabadilisha mikono, mengi yakabaki na rafu tupu. Bei ya shaba ilianguka kuanzia mwaka 1974. Mwaka 1975 vita vya Angola viliziba reli ya Benguela. Vita vya Shaba vikaja mwaka 1977 na 1978. Tshibumba aliendelea kuchora na kuwauzia wageni wengine, kisha mnamo mwaka 1981 akatoweka. Hakuna aliyeleta habari zake. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikia tani 50,000 mwaka 1994. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, askari wakapora miji mwaka 1991, na mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakaondoka na walichoweza kubeba kwenye treni. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa na zaire za zamani 3,000,000. Katika hali hiyo nani atanunua ukumbusho?

Tusidhani lakini kwamba umaskini peke yake uliua biashara. Rangi ya nyumba juu ya mfuko haikai miaka mingi. Katika siku njema picha iliyochakaa ilitupwa na nyingine ikaagizwa, na mchoraji aliishi kwa kuchakaa huko. Fedha zilipokosekana, iliyochakaa haikufuatwa na nyingine. Mahali pake zikaingia kalenda za bure, picha za Yesu zilizochapwa, na kwa wenye uwezo televisheni. Makanisa ya uamsho yalimshambulia mamba muntu kama shetani, na mwenye nyumba aliyeokoka alimwondoa ukutani kabla rangi haijabanduka. Mifuko nayo ilibadilika: pamba iliondoka, ikaja ile ya plastiki iliyofumwa, isiyoshika rangi wala kuwambika.

Huko Kinshasa njia ilikuwa nyingine. Chéri Samba alifungua karakana yake kwenye barabara ya Kasa-Vubu mwaka 1975, na Moke alitandaza picha zake barabarani, Samba akianza kwa kitambaa cha mifuko. Maonyesho ya Art partout mwaka 1978, kisha Magiciens de la terre ya Paris mwaka 1989, yaliwaleta wanunuzi wa nje. Samba akahamia kwenye turubai ya kununuliwa, na picha zake zikapanuka hadi mita mbili na zaidi. Picha ya ukubwa huo haipiti katika mlango wa nyumba ya kambi.

Za Lubumbashi zilizookoka ziko mbali. Jewsiewicki alikusanya nyingi kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2013 mkusanyo wake, karibu picha 2,000, uko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji; sehemu yake ilionyeshwa Brussels mwaka 2016 chini ya jina Congo Art Works. Huko kila picha imepimwa kwa sentimita, ikapewa namba, na mbele ya neno la kitu ilichochorewa imeandikwa kwa uangalifu: mfuko wa unga.